Tatizo la lugha ya kujieleza: mtoto anayeelewa lakini hapati maneno

Katika nyumba moja ya Busia, mama anayepika chai anamwagiza binti yake wa miaka sita achukue chujio lililo nyuma ya sufuria kubwa, kisha ampe dada yake aliye nje. Mtoto anakwenda moja kwa moja na hakosei hata hatua moja. Dada anamwuliza, "Umeniletea nini?" Mtoto anakaa kimya, anazungusha mkono hewani, halafu anasema, "Ile… nanii… ya chai." Kila mmoja wetu husema "nanii" siku mojamoja, lakini mtoto huyu huisema karibu kila anapofungua kinywa, na jina la chujio amelisikia tangu hajaanza kutembea.

Hali hiyo huitwa tatizo la lugha ya kujieleza. Mtu mwenye nalo hushindwa kuyaweka mawazo yake katika maneno na sentensi kwa kiwango kinachotarajiwa kwa umri wake, ilhali uwezo wake wa kuelewa anayoambiwa ni mzuri, au angalau unauzidi kwa mbali uwezo wake wa kusema. Msamiati wake huwa mdogo, maneno anayoyajua hayamjii anapoyahitaji, sentensi zake huwa fupi na zenye mapengo, na akisimulia ugomvi uliotokea shuleni msikilizaji hapati kujua nani alimpiga nani, wala lipi lilitangulia. Akianza kuandika, mapengo yaleyale hujitokeza kwenye insha.

Si sawa na kigugumizi, wala si matamshi mabaya. Anayesema "lafiki" badala ya "rafiki" ana shida ya sauti, na sentensi yake inaweza kuwa kamili kabisa. Kwa sababu watu huchanganya mambo haya, wazazi hushauriwa wamkate mtoto kile kinyama kilicho chini ya ulimi ili "ulimi ufunguke". Kinyama hicho hakihifadhi maneno, na kukikata hakumpi mtoto msamiati asiokuwa nao.

Uganda, swali gumu zaidi ni la lugha ipi ipimwe. Mtoto wa Kampala anaweza kusikia Kiganda kwa majirani, Kiswahili kwa baba yake na Kiingereza darasani, na wapo walimu wanaowaambia wazazi wapunguze lugha nyumbani kwa kudhani kwamba wingi wake ndio uliomchanganya. Lugha nyingi hazisababishi tatizo hili, na tatizo la kweli huonekana katika kila lugha ambayo mtoto ameisikia vya kutosha. Anayesimulia hadithi kwa Kiganda uwanjani mpaka wenzake wakacheka, kisha akanyamaza darasani, bado anajifunza Kiingereza tu.

Kiswahili chetu nacho kina mtego wake. Mtoto anayesema "kitabu yangu" ataonekana na mpimaji aliyezoea Kiswahili cha vitabuni kuwa ameshindwa upatanisho wa ngeli, kumbe anasema vilevile wanavyosema watu wazima waliomlea. Kipimo cha haki ni usemi wa watu wa mtaa wake. Cha kutia wasiwasi ni anapoacha kile ambacho wakubwa wake hawakiachi kamwe, kama kusema "Mama soko" akiwa na miaka mitano, wakati nyumbani kila mtu husema "Mama ameenda soko".

Kwa kawaida neno la kwanza hutoka karibu na miezi 12, na kufikia miaka miwili mtoto huwa na maneno yapatayo 50 na ameanza kuunganisha mawili. Wengi wanaochelewa hapo huwafikia wenzao baadaye. Wasiwasi huongezeka ikiwa pengo bado lipo baada ya miaka minne.

Jina lenyewe limebadilika. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani wa mwaka 1994 uliliweka tatizo la kujieleza peke yake, lakini toleo la 2013 lililiunganisha na tatizo la kuelewa chini ya jina moja, tatizo la lugha, kwa kuwa mpaka kati ya hayo mawili si imara kama ilivyodhaniwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1997 ulikuta matatizo ya lugha yanayojitokeza mtoto anapokua, ya kuelewa na ya kujieleza pamoja, kwa asilimia 7 hivi ya watoto wa chekechea. Kwa kiwango hicho, darasa la watoto 60 lingekuwa na wanne. Mara nyingi hakuna chanzo kimoja, ingawa hali hii hurudi katika ukoo uleule. Wengine huipata baada ya kuzaliwa: malaria iliyofika kwenye ubongo inaweza kumwachia mtoto matatizo ya lugha, na kiharusi kinaweza kumnyang'anya maneno mtu mzima. Mgonjwa ambaye daktari Mfaransa Paul Broca alimweleza huko Paris mwaka 1861 alielewa mengi aliyoambiwa, lakini kinywani mwake ilikuwa imebaki karibu silabi moja tu, "tan".

Nyumbani, kinachosaidia ni kumrudishia mtoto sentensi yake ikiwa imekamilika. Akisema "Baba boda", mjibu, "Ndiyo, baba amekuja na bodaboda," bila kumlazimisha arudie. Mwulize, "Unataka muhogo au ndizi?" badala ya "Unataka nini?", kisha usubiri, kusubiri ndiko kunakotushinda wengi. Amri ya "Sema vizuri!" humfunga zaidi.

Masikio yapimwe kwanza, maana asiyesikia vizuri huenda asiseme vizuri. Baada ya hapo atafutwe mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuwafundisha wataalamu hao mwaka 2008, ingawa bado ni wachache. Mzazi aende na daftari lenye maneno yote ambayo mtoto huyasema mwenyewe, ya lugha zote katika orodha moja, ili anayesema "maji" kwa Kiswahili, "amata" kwa Kiganda akitaka maziwa na "bol", yaani "ball" ya Kiingereza, akitaka mpira ahesabiwe maneno yote matatu.