Amplifaya ya hedifoni: inafanya kazi gani, na nani khasa anaihitaji

Amplifaya ya hedifoni ni kifaa kinachopokea umeme dhaifu unaobeba sauti na kuutoa ukiwa na nguvu ya kutosha kuichezesha hedifoni. Ile ya mfukoni hutumia betri yake yenyewe, au huchota umeme wa simu. Kwenye muziki wenyewe haiongezi chochote. Nataka hili lieleweke kabla mtu hajatoa pesa zake pale sokoni Darajani, Unguja, kwani vifaa hivi huuzwa kwa ahadi kubwa kuliko kazi yake, na papo hapo wapo watu wanaovihitaji kweli na hawajui.

Tuanzie ndani ya hedifoni. Mna koili ya waya mwembamba sana iliyobandikwa kwenye utando, na pembeni yake sumaku. Umeme ukipita kwenye koili, utando hucheza mbele na nyuma, hewa ikatikisika, sikio likasikia. Umeme ukiwa mchache, utando hucheza kidogo. Ukitaka ucheze zaidi, lazima umeme uongezwe, na mwenye kuuongeza ndiye amplifaya.

Kila simu yenye tundu la hedifoni ina amplifaya ndani yake tayari. Apple walipoitoa iPhone 7 bila tundu mwaka 2016, kazi ile ilihamia kwenye adapta: ndani ya kijiwaya kile kifupi mna kigeuzi cha kubadili namba za dijitali kuwa umeme wa sauti, na amplifaya ndogo pembeni yake. Kwa hiyo amplifaya unayo. La kuuliza ni kama hiyo uliyonayo inaimudu hedifoni yako.

Jibu limo katika namba mbili zinazoandikwa kwenye boksi. Ya kwanza ni ukinzani, yaani kiasi hedifoni inavyouzuia umeme kupita, unaopimwa kwa omu. Hedifoni nyingi za kawaida, za kuchomeka masikioni, zina omu 16 au 32. Zile kubwa za studio huwa na zaidi: Sennheiser HD 600, iliyotoka mwaka 1997 na bado inauzwa, ina omu 300, na Beyerdynamic DT 770 Pro hutengenezwa kwa omu 32, 80 au 250, kwa hiyo mtu anayenunua ya mtumba aisome vizuri lebo. Namba ya pili ni desibeli ngapi, yaani sauti kubwa kiasi gani, hedifoni inatoa ikipewa nguvu ya miliwati moja, sehemu moja ya elfu ya wati. Hiyo ndiyo inayosahauliwa, na ndiyo yenye uzito mkubwa.

Tufanye hesabu moja, kwani bila hesabu maneno haya hayana mwisho. Nguvu inayofika kwenye hedifoni ni volti zidisha volti, gawanya kwa omu. Tuseme simu yako inatoa nusu volti kwa kilele chake. Hedifoni ya omu 32 itapata karibu miliwati 8. Ikiwa inatoa desibeli 100 kwa miliwati moja, itafika desibeli 109, na hakuna sikio linalohitaji zaidi ya hapo. Chukua sasa hedifoni ya omu 300 yenye desibeli 98 kwa miliwati. Kwa nusu volti ile ile haipati hata miliwati moja, na kilele chake kinaishia desibeli 97.

Mtu atasema 97 si haba. Kwa nyimbo za siku hizi, kweli si haba: bongo fleva na singeli hurekodiwa zikiwa zimebanwa, sauti ndogo na kubwa zikakaribiana, kwa hiyo wimbo mzima unakaa karibu na kilele. Taarab asilia haiko hivyo. Bashraf, ule muziki wa ala bila ya mwimbaji, huanza qanun ikidonoa nyuzi zake peke yake, udi ukajibu, kisha fidla na kodiani zikaingia pamoja, na tofauti baina ya pale palipotulia na pale okestra nzima inapovuma ni kubwa. Wastani wa sauti unaweza kuwa desibeli 18 chini ya kilele. Tena rekodi nyingi za zamani zilizohamishwa kutoka kwenye kanda zilihifadhiwa chini, labda desibeli 10 pungufu ya kiwango kinachowezekana. Toa zote mbili kwenye 97 na umebakiwa na 69, ambayo ni juu kidogo tu ya watu wanaozungumza karibu yako. Na huo ni wastani. Nai, filimbi ya tete, inayopigwa taratibu huwa chini zaidi, na feni ya darini inaizima.

Hapa ndipo amplifaya ndogo inapostahiki pesa yake. Yenye uwezo wa kutoa volti 2 itaipa hedifoni hiyo hiyo miliwati 13, na kilele kitapanda hadi desibeli 109. Zaidi ya ukubwa wa sauti, kuna usafi. Amplifaya iliyofika mwisho wa nguvu zake hukata vichwa vya mawimbi, na wimbi lililokatwa kichwa husikika kama mkwaruzo: ngoma inakuwa kama bati, sauti ya mwimbaji inapasuka anapopanda. Yenye akiba haifikii huko.

Kuna hedifoni zinazodanganya kwa namba moja. HiFiMan HE-6 ina omu 50 tu, mtu akadhani ni nyepesi kuichezesha, lakini kwa miliwati moja hutoa kama desibeli 83 na nusu. Kuifikisha pale inapofika ile ya desibeli 98 unahitaji nguvu karibu mara 28. Amplifaya nyingi za mfukoni haziiwezi.

Lipo jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji, nalo ni ukinzani wa amplifaya yenyewe, pale umeme unapotokea. Ukiwa mkubwa ukilinganisha na wa hedifoni, hubadilisha rangi ya sauti, maana hedifoni nyingi hazina ukinzani ule ule kwa besi na kwa sauti nyembamba. Besi inaweza kuvimba, au sauti za juu zikanywea, na wewe ukailaumu hedifoni. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba wa amplifaya usizidi moja ya nane ya ule wa hedifoni. Kwa hedifoni ya omu 32, basi, amplifaya iwe chini ya omu 4. Adapta nyingi nzuri za USB-C ziko chini ya omu 1, na kwa maoni yangu hiyo ni sababu bora ya kuzinunua kuliko nguvu zake.

Juu ya adapta, angalizo kwa sisi ambao simu na vifaa vyetu hutujia kutoka kila upande, Dubai, Uingereza, China: zilizo sura moja si lazima ziwe sawa. Adapta ya Apple ya USB-C hutoa karibu volti 1, lakini ile iliyotengenezewa soko la Ulaya imewekewa kikomo cha kama nusu volti. Na ziko za bei rahisi ambazo ndani hazina kitu ila waya, zinafanya kazi kwa baadhi ya simu tu.

Hedifoni za Bluetooth ziache nje kabisa ya mazungumzo haya. Zina amplifaya yake ndani, na sauti huzifikia hewani. Hakuna pa kuchomeka kifaa kingine kikasaidia.

Wala rekodi mbovu haiponi. Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarab, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, sauti yake iliingia kwenye santuri za mizunguko 78 kwa dakika, na sehemu ya juu ya sauti, ule ung'avu wa fidla na herufi kali za mwimbaji, nyingi hazikuwahi kushikwa na mashine za wakati ule. Amplifaya itaipandisha sauti yake tukufu, na mkwaruzo wa sindano utapanda nayo sawasawa. Vivyo hivyo wimbo ambao faili lake limepunguzwa ukubwa mara tatu kabla haujafika kwenye simu yako kwa WhatsApp. Aliye na pesa za kitu kimoja tu, anunue hedifoni bora kwanza, atafute na rekodi safi. Tofauti baina ya hedifoni mbili ni kubwa kuliko baina ya amplifaya kumi.

Nasema hivi pia kwa ajili ya kelele. Kwenye boti ya Pemba, injini zikinguruma chini, wengi hupandisha sauti mpaka mwisho na bado hawaridhiki, wakafikiri wanahitaji nguvu zaidi. Wanachohitaji ni hedifoni inayoziba sikio vizuri. Shirika la Afya Duniani linahesabu desibeli 80 kuwa salama kwa saa 40 kwa wiki, na kila zikiongezeka 3, muda unapungua nusu: kwa desibeli 89 umebakiwa na saa 5 kwa wiki nzima. Kumpa kijana amplifaya ili aishinde injini ya boti ni kumharibia masikio.

Ukienda kujaribu dukani, chukua simu yako na hedifoni yako, na rekodi iliyo taratibu kuliko zote unazozipenda. Sikiliza kwanza bila amplifaya. Ikiwa unaridhika kabla sauti haijafika robo tatu, na vilele havikwaruzi, rudi nyumbani na pesa zako. Ukijaribu na amplifaya, hakikisha sauti zote mbili ziko ukubwa mmoja kabla ya kuamua, kwa sababu iliyopanda hata kidogo tu sikio huiona bora, na muuzaji analijua hilo. Angalia na pini ya kuchomekea: hewa yetu ya chumvi huweka kutu, na kukatika kwa sauti upande mmoja mara nyingi huondoka kwa kuipangusa kwa pamba na spiriti.

Ukishanunua, utakuta kwenye nyingi swichi ndogo yenye hatua mbili za nguvu. Hedifoni ya omu 32 au 16 iweke kwenye hatua ya chini daima. Ukiipandisha utasikia mvumo wa "shhh" nyuma ya muziki, na kitufe cha sauti kikiguswa kidogo tu kinakupigia masikioni. Hatua ya juu ni ya zile za omu 250 na 300. Na kila mara punguza sauti mpaka chini kabisa kabla ya kuchomeka.