Kisukari kinachofuata upande wa mama

Siku moja sokoni Kadutu, hapa Bukavu mashariki mwa Kongo, mama yangu alitoa elfu tisa kulipia sambaza, samaki wadogo wa ziwa, za elfu sita. Muuzaji alisema "sita", yeye akasikia "tisa", na ni muuzaji mwenyewe aliyemrudishia elfu tatu zake. Yatamke maneno hayo mawili polepole. Irabu zake ni zile zile, i na a. Kinachoyatenganisha ni s na t, sauti nyembamba za juu ambazo sikio likianza kuharibika kwa namna hii huzipoteza kwanza. Wakati huo mama alikuwa bado kijana, na sisi nyumbani tulisema hasikilizi tu. Miaka kadhaa baadaye alianza kukonda, akawa anaamka usiku kunywa maji na kukojoa. Sukari ikaonekana. Sikio lilikuwa na daktari wake, sukari ikapata wake, na kwa muda mrefu hakuna aliyeviweka vitu hivyo viwili meza moja.

Huo ni ugonjwa mmoja. Unaitwa kisukari na uziwi wa kurithi kwa mama. Madaktari huufupisha MIDD, na wengine husema kisukari cha mitokondria. Chanzo chake kilitambuliwa mwaka 1992, na inakadiriwa kwamba unampata karibu mtu 1 kati ya watu 100 wenye kisukari. Ni nadra, lakini katika mji mkubwa kama Bukavu siamini kwamba mama yuko peke yake.

Mitokondria ni nini? Fikiria mbabula, jiko la makaa. Bila makaa yanayowaka, bugali haiivi hata kama unga na maji vipo. Ndani ya kila seli ya mwili kuna mbabula nyingi ndogo sana zinazogeuza chakula kuwa nguvu, na hizo ndizo mitokondria. Zina maandishi yao ya urithi, DNA fupi yenye herufi 16,569, iliyo mbali na ile kubwa tunayopewa na wazazi wote wawili. Kwa wagonjwa wengi wa MIDD, herufi moja tu imekosewa: kwenye nafasi ya 3243, palipotakiwa kuwa na A pana G. Kwa sababu hiyo moto unawaka hafifu. Seli zinazokula nguvu nyingi ndizo zinazoumia mapema, na kati ya hizo ni seli za kongosho zinazotengeneza insulini, ile inayoshusha sukari ya damu, na zile za ndani kabisa ya sikio.

Mtoto hupata mitokondria zake kutoka kwenye yai la mama. Za baba hazipiti. Hapa kwetu Kivu mtoto huhesabiwa katika ukoo wa baba, na daktari akiuliza "kwenu kuna mwenye sukari?" tunaanza na babu mzaa baba. Kwa ugonjwa huu inabidi kugeuza hesabu: mama, nyanya mzaa mama, mama wakubwa na mama wadogo, wajomba. Nilipouliza hivyo, nikakuta nyanya alikuwa "mzee asiyesikia" kabla ya kufika miaka hamsini, na mjomba alikuwa mwembamba mwenye sukari. Mjomba alirithi kama dada zake, ila watoto wake yeye hawawezi kuupata kupitia kwake.

Na kwa nini ndugu wa tumbo moja hawaugui sawasawa? Chukua goro, kopo la kupimia, la maharagwe meupe yaliyochanganyika na mekundu, uchote konzi kadhaa. Konzi moja itajaa mekundu, nyingine itakuwa nayo mawili matatu. Ndivyo mayai ya mama yanavyogawana mitokondria nzima na zenye kosa. Mmoja atapoteza usikivu akiwa na miaka ishirini na kitu, mwingine atazeeka na sukari kidogo tu. Hakuna mama aliyechagua konzi. Nalisema hili kwa sababu nimesikia wanawake wakinyooshewa kidole cha uchawi pale watoto wao wanapoacha kusikia mmoja baada ya mwingine, na maneno hayo yanavunja nyumba.

Jina sahihi lina faida kwenye dawa. Metformini, kidonge ambacho wagonjwa wengi wa kisukari huanza nacho, kwa kawaida huepukwa kwenye ugonjwa huu, kwani inaweza kuongeza asidi ya laktiki ambayo mitokondria dhaifu tayari zinazalisha kwa wingi. Usiiache kwa uamuzi wako mwenyewe. Ongea na daktari wako. Wengi huishia kwenye insulini. Sindano za antibiotiki kama gentamisini na streptomisini zinaweza kuumiza masikio, kwa hiyo mwambie muuguzi mapema, hata ukiwa umekwenda kwa ugonjwa mwingine kabisa. Macho, figo na moyo navyo vipimwe, kwa kuwa kosa lile lile linaweza kuvifikia. Kipimo chenyewe cha urithi hufanywa kwa damu au mkojo. Kadiri mtu anavyozeeka, mitokondria zenye kosa hupungua kwenye damu, kwa hiyo mara nyingi mkojo husema ukweli zaidi.

Nyumbani, umeme ukikatika, chupa ya insulini anayoitumia mama hukaa ndani ya mtungi mdogo wa udongo uliofungwa kitambaa chenye maji, kwenye kona isiyopigwa na jua. Bukavu iko kwenye mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hali yake ya hewa isiyo na joto kali inatusaidia; chupa iliyofunguliwa hustahimili takriban wiki nne nje ya friji ikiwa joto halizidi nyuzi 25 hadi 30, kutegemea aina yake. Tarehe ya kuifungua naiandika kwa kalamu juu ya kiboksi.

Kuhusu kusikia, kelele haimsaidii. Namkabili uso kwa uso, nasema taratibu, na redio inazimwa kwanza. Kifaa cha sikio kimemrudishia sauti za wajukuu. Idadi tunaionyesha kwa vidole, na yule muuzaji wa sambaza pale Kadutu sasa hufanya hivyo bila kuombwa.