Umezaji wa kawaida: wanaume na wanawake wanatofautiana wapi?

Kumeza kunafuata mpangilio mmoja kwa kila mtu mwenye afya. Ulimi husukuma tonge nyuma, kaakaa laini hupanda kuziba njia ya pua, zoloto (kisanduku cha sauti) huinuka na kwenda mbele, kidakatonge hufunika njia ya hewa, kisha mlango wa juu wa umio hufunguka. Pumzi husimama kidogo. Sehemu hii ya kooni huchukua takriban sekunde 1. Jinsia haibadilishi mpangilio huo, inabadilisha vipimo.

Tofauti iliyo wazi zaidi ni ukubwa wa funda. Vipimo vya maji vilivyochapishwa mwaka 1961 vilipata wastani wa mililita 21 hivi kwa mwanamume na 14 hivi kwa mwanamke. Ndiyo maana mwanamume humaliza kikombe kwa mafunda machache na kwa haraka zaidi. Katika kipimo cha kunywa mililita 100 za maji, mhudumu humketisha mtu wima, huhesabu kila zoloto linapopanda, hupima sekunde, na husimamisha zoezi mtu akikohoa. Mwanamke aliyetumia mafunda 8 amemeza mililita 12.5 kila mara, na hilo si ugonjwa.

Chanzo kikubwa ni umbo. Wakati wa balehe zoloto la mvulana hukua sana na kushuka, hivyo koo lake huwa refu na mfupa wa hioidi, ulio juu ya zoloto, husafiri umbali mkubwa zaidi anapomeza. Lakini ukigawanya umbali huo kwa urefu wa shingo, unaopimwa kwenye picha ya eksirei kuanzia pingili ya 2 hadi ya 4 ya shingo, tofauti ya jinsia karibu yote hupotea. Jambo hili lina uzito mkubwa kliniki: anayetumia milimita tupu atamwona mwanamke mfupi kuwa na misuli dhaifu, na udhaifu wa kweli wa mwanamume mrefu utampita.

Nguvu ya ulimi nayo isisomwe haraka. Vijana wa kiume mara nyingi hubonyeza ulimi kwenye kaakaa kwa nguvu zaidi wakiambiwa wabonyeze hadi mwisho, ila kumeza kwa kawaida hakuhitaji nguvu yote hiyo. Inayobaki ni akiba, na akiba hiyo hupungua uzeeni kwa wote.

Kukohoa kila unapokunywa maji, sauti kuwa ya majimaji baada ya kula, au chakula kukwama kooni havielezwi na jinsia. Dalili hizo zinahitaji uchunguzi.