Chaja ya sola kambini: hesabu saa za jua kwanza, wati baadaye

Maduka ya Kampala huuza vitu vitatu tofauti kwa jina moja la "chaja ya sola". Kuna pawabenki yenye kipande cha paneli mgongoni. Kuna paneli ya kukunja yenye matundu ya USB lakini haina betri ndani. Halafu kuna paneli kubwa ya wati 60 hadi 100 inayouzwa pamoja na sanduku la betri. Ya kwanza inavutia kwa sababu inaonekana kumaliza kila kitu kwa mkupuo mmoja. Ushauri wangu ni uiache dukani.

Hesabu yake ni fupi. Jua kali la mchana hushusha karibu wati 1,000 kwenye mita moja ya mraba, na seli nzuri za siku hizi hugeuza asilimia 20 hadi 23 ya hizo kuwa umeme. Pima urefu na upana wa sehemu nyeusi tu, kwa mita, zidisha, kisha zidisha tena kwa 200. Paneli ya sentimita 15 kwa 8 ni mita za mraba 0.012, yaani wati 2.4 hata kama mtengenezaji ni mkweli. Toa hasara ya joto na ya saketi, utabaki na wati moja na nusu hivi. Pawabenki ya mAh 20,000 hubeba wati-saa 74 (zidisha mAh kwa volti 3.7 za betri, gawanya kwa 1,000; wati-saa moja ni wati moja kwa saa moja). Saa tano za jua zuri zitaingiza wati-saa saba, kwa hiyo hata siku kumi haziijazi. Na siku zote hizo umeilaza betri ya lithiamu juani, ilhali betri nyingi za aina hiyo hazitakiwi kuchajiwa zikiwa na joto linalozidi nyuzi 45. Zikipikwa hivyo mara kwa mara huvimba.

Kama huna rula, tumia karatasi ya A4. Eneo jeusi la ukubwa wa karatasi moja linatoa wati 12 hivi, si zaidi. Paneli iliyoandikwa wati 28 ikifunguliwa lazima ifunike karatasi mbili na robo. Sanduku likisema wati 40 na eneo lote jeusi halizidi karatasi mbili, huna haja ya kusoma yaliyobaki.

Je, safari yako inahitaji sola?

Simu yenye betri ya mAh 5,000 hubeba wati-saa 19, na kuijaza kutoka sifuri hula kama 23 za pawabenki kwa sababu ya hasara njiani. Pawabenki ya mAh 10,000 ina wati-saa 37, lakini zinazotoka ni kama 31, maana umeme wa volti 3.7 ulio ndani hupandishwa hadi volti 5 na sehemu hupotea kama joto. Hiyo ni simu moja na theluthi. Anayekuahidi mara mbili amegawanya 10,000 kwa 5,000 akasahau volti.

Kwa wikendi ya usiku mbili au tatu, iwe maporomoko ya Sipi, Ziwa Bunyonyi au Ziwa Mburo, pawabenki moja ya mAh 20,000 iliyojazwa nyumbani inakutosha wewe na mwenzako. Paneli hapo ni mzigo tu. Ukisafiri kwa gari, tundu la volti 12 la gari linaishinda paneli yoyote ya kukunja: chaja nzuri ya gari ya wati 30 hutoa wati hizo mfululizo, jua liwepo au lisiwepo, na barabara ya kwenda Kidepo ni ya kutwa nzima.

Rwenzori ndiko watu wanakokosea zaidi. Mzunguko wa kati unaoanzia Nyakalengija kwa kawaida huchukua kama siku saba, kwa hiyo mtu anaona ni lazima abebe paneli. Lakini mlima ule huishi ndani ya mawingu. Hata katika miezi ya ukavu, Juni hadi Agosti na Desemba hadi Februari, ukungu unaweza kufunga mchana mzima, na chini ya wingu zito paneli ya wati 21 hutoa wati 2 au 3 tu. Na mchana wenyewe wewe unatembea: msituni una kivuli, kwenye tope la Bujuku una mvua. Muda wa kutulia juani ni mdogo mno.

Hesabu ya Rwenzori ni hii. Simu ikiwekwa kwenye hali ya ndege na kutumika kwa picha na ramani, hula kama asilimia 40 kwa siku, sawa na wati-saa 10 za pawabenki. Tochi ya kichwani inayochajiwa hula 3. Kwa siku saba ni wati-saa 91. Pawabenki mbili za mAh 20,000 hutoa 120 au zaidi kidogo, na uzito wake wote ni gramu 800 hivi. Bila hali ya ndege hesabu inavunjika, kwa sababu simu inayotafuta mtandao bondeni hujimaliza kabla ya jioni. Shida nyingine ni baridi. Kwenye kibanda cha Elena, zaidi ya mita 4,500 juu, usiku hushuka chini ya sifuri. Betri baridi huonyesha asilimia za uongo na kuzima ghafla. Lala nazo ndani ya begi la kulalia, na usichaji betri ya lithiamu iliyoganda, maana hiyo huiharibu moja kwa moja. Ipashe joto mwilini kwanza.

Kibale na Bwindi nako usihangaike na paneli. Matawi yamefunga anga.

Sola inalipa Karamoja, kwenye nyasi za Kidepo, Murchison wakati wa kiangazi, au popote utakapopiga hema mahali pamoja siku nne au zaidi bila umeme. Kwa watu wawili hadi watatu mimi huchagua paneli ya wati 28. Usitegemee 28 kamili. Namba ya kwenye sanduku hupimwa seli zikiwa na nyuzi 25, lakini paneli iliyolala juani hufika nyuzi 60, na kila nyuzi moja ya ziada hupunguza kama asilimia 0.4. Ongeza vumbi na hasara ya kidhibiti, yaani saketi inayosawazisha umeme wa paneli, utapata wati 18 hivi adhuhuri. Saa nne nzuri kwa siku ni wati-saa 72. Zikipita kwenye pawabenki na kutoka tena hubaki 52. Simu mbili na tochi. Kundi la watu sita na kamera zao linahitaji paneli ya wati 100 na sanduku la betri, na hizo si vitu vya kubeba mgongoni.

Kinachosomwa kwa maandishi madogo

Kosa linaloficha nguvu ya paneli nzuri liko kwenye pawabenki. Tafuta neno "Input". Likisema 5V/2A, basi hata ukiiunganisha na paneli ya wati 100 itapokea wati 10 tu. Ama ununue pawabenki inayopokea wati 18, yaani 9V/2A, na paneli yenye tundu linalotoa volti hizo, au utumie pawabenki mbili kwa matundu mawili. Kumbuka matundu hugawana jumla moja. Mawili yaliyoandikwa ampea 2.4 kila moja kwenye paneli ya wati 15 hayatatoa 4.8.

Pawabenki hughushiwa kirahisi, ila uzito husema. Ya kweli ya mAh 20,000 huwa kati ya gramu 350 na 450. Inayodai 50,000 ikiwa nyepesi kuliko hiyo ina betri ndogo na stika kubwa. Kama utapanda ndege, kikomo cha kawaida bila kuomba ruhusa ni wati-saa 100, sawa na mAh 27,000, na lazima ziwe kwenye begi la mkononi.

Ngozi ya juu ya paneli, ile plastiki inayofunika seli, ina aina mbili kuu. PET ni laini na inang'aa. Jua la huku huifanya njano, nayo huanza kubanduka pembeni. ETFE mara nyingi ina vinundu vidogo ukipapasa, huachilia vumbi kirahisi na hudumu zaidi. Lipia ETFE. Kuhusu maji, alama ya IPX4 ni ya maji yanayorushwa tu, si ya kuzamishwa, na kisanduku cha matundu ya USB ndicho huingiza maji kwanza hata pale paneli yenyewe inapostahimili.

Kebo hudharauliwa. Kebo nyembamba ya mita mbili, yenye nyuzi za geji 28 (geji ni namba ya unene; ikiwa kubwa waya ni mwembamba), ikipitisha ampea 2 hupoteza karibu volti 1.7 kati ya 5, na simu itakataa au itachaji kwa kusuasua. Kebo ya mita moja yenye nyuzi za geji 24 hupoteza theluthi ya volti tu. Mteja hurudisha paneli akisema mbovu, kumbe mbovu ni waya wa bei ya soda.

Ijaribu kabla hujalipa. Nenda dukani kati ya saa tano na saa tisa, ukiwa na kipimo kidogo cha USB kinachoonyesha volti na ampea, kebo yako nzuri, na pawabenki isiyojaa, kwa sababu iliyojaa haivuti chochote na utadhani paneli haifanyi kazi. Toka nje kwenye jua kamili. Paneli ya wati 21 kwenye tundu moja ionyeshe ampea 2 au karibu, na volti zisishuke chini ya 4.75. Kisha ifunike kwa shati sekunde kumi na uifunue. Ampea zikirudi zilikokuwa, kidhibiti kinajua kujianzisha upya. Zikibaki 0.3 mpaka uchomoe kebo, kila wingu litakalopita litakuibia nusu saa, na mawingu ya Uganda hupita sana. Muuzaji akikataa kukuruhusu kutoka nje, amekujibu.

Kuitandaza kambini

Maelekezo mengi ya ndani ya boksi yameandikwa kwa Ulaya au Marekani: elekeza kusini, inamisha nyuzi 40. Yapuuze. Ikweta inapita Kayabwe, na adhuhuri jua liko karibu utosini. Hata Juni linapokwenda mbali kaskazini, paneli iliyolala bapa hupoteza asilimia 8 tu. Asubuhi ndiko kuna kazi. Saa tatu jua bado liko chini, paneli iliyolala hupata nusu ya mwanga, na ukiisimamisha kuelekea mashariki unakaribia kupata mara mbili. Saa zetu huenda mbele ya jua, kwa hiyo kilele ni karibu saa saba, si saa sita. Dirisha lako ni saa nne hadi saa kumi, na pale mvua za alasiri zinapotarajiwa tegemea zaidi nusu yake ya kwanza.

Iinue kwa vijiti au mawe ili hewa ipite chini yake. Seli zimeunganishwa kwa mfululizo, hivyo kivuli cha kamba ya hema kwenye seli moja kinaweza kudumaza safu nzima. Kwa sababu hiyo hiyo kuifunga kwenye begi ukitembea hakuna faida: mwili wako ni kivuli, na pembe hubadilika kila hatua.

Chaji pawabenki mchana, simu usiku. Simu ikiunganishwa moja kwa moja, kila wingu huikata na kuiunganisha tena, kioo kinawaka, na baada ya saa moja imepoteza kuliko ilichopata. Usiiweke pawabenki kwenye kile kimfuko cha nyuma ya paneli, humo ndimo inamopikika. Ilaze kivulini, urefu wa kebo mbali. Palipo na nyani, anika paneli mtu akiwa macho karibu nayo, kwa sababu nyani hukagua kila kinachong'aa. Vumbi la Karamoja lifute kwa kitambaa chenye unyevu, si kikavu, ili usikwaruze ngozi. Ukirudi mjini, hifadhi pawabenki ikiwa na nusu ya chaji, mbali na dashibodi ya gari, na uiongeze kidogo kila baada ya miezi mitatu.