Tarehe imepita: nile au nitupe?

Nimekuta pakiti ya tambi kabatini, tarehe yake imepita miezi miwili. Imeshakuwa sumu?

Haijawa. Tambi hazilali nzima zikaamka sumu. Tarehe za vyakula ni za aina mbili. Moja ni ya ubora: mtengenezaji anaahidi kuwa mpaka siku hiyo ladha na harufu zitabaki kama alivyokusudia. Nyingine ni ya usalama, huwekwa kwenye vinavyoharibika upesi kama maziwa, nyama na samaki wabichi. Hiyo usiivuke hata chakula kikinukia vizuri, maana vijidudu vingi vya kuharisha havina harufu. Shida ni kwamba pakiti nyingi huandikwa EXP tu, bila kusema ni ipi. Basi tazama chakula chenyewe: kikiwa kikavu na pakiti haijaguswa na maji wala panya, pika ule.

Vyakula vipi hukaa muda mrefu?

Chumvi na sukari haziozi, zikiganda, ziponde. Asali safi nayo hudumu, ila mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe kabisa, iwe mpya au ya zamani. Mchele mkavu hukaa, na wapishi wengi wa pilau huutaka wa zamani kwa sababu haushikani. Maharage yaliyokaa sana hula mkaa tu. Yaloweke usiku kucha. Hamira ndiyo hufa. Ijaribu kwenye maji ya uvuguvugu yenye sukari: dakika 10 zikipita bila povu, mandazi hayataumuka.

Na unga?

Dona huwahi kuharibika kuliko sembe. Husagwa pamoja na kiini, na kiini kina mafuta yanayochacha. Ndipo ugali unapokuwa mchungu. Saga wa wiki chache tu. Ukikuta wadudu wachache, chekecha. Wanatia kinyaa lakini hawana sumu. Unga ulioshikana mabonge na kunuka uvundo umeingiwa na unyevu. Huo tupa.

Kwa hiyo hakuna cha kuogopa stoo?

Kipo, ila hakina tarehe. Ni mahindi na karanga tunazopimiwa kwa kopo sokoni. Zikihifadhiwa na unyevu huota kuvu, na baadhi ya kuvu hao hutengeneza sumukuvu. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hii yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 iliua watu wapatao 20 katikati ya Tanzania, mikoa ya Dodoma na Manyara ikiwamo. Huwezi kuiona wala kuionja, na moto wa jikoni hauimalizi: ugali ulioiva vizuri hubaki nayo. Ikiwa nyingi huua ini kwa siku chache. Ikiwa kidogo kidogo kwa miaka, huleta saratani ya ini, hasa kwa mwenye homa ya ini aina ya B.

Kinga yake ni kukausha na kuchambua. Toa karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu, na punje za mahindi zilizotobolewa. Mahindi ya kuhifadhi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Huna kipimo? Tia punje kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikinata kwenye chupa, rudisha mahindi juani, juu ya turubai, si chini kwenye udongo.

Ninaloliona kosa kubwa kuliko yote ni kusaga kilo nyingi za unga wa lishe wenye karanga na kuuweka miezi. Anayeunywa uji huo kila siku ni mtoto.

Mahindi yenye ukungu si nimpe kuku?

Usimpe. Kuku hudhurika, bata ndiyo zaidi. Ng'ombe naye akila, sehemu ya sumu hutoka kwenye maziwa, nayo inakurudia kwenye chai.

Bati la samaki limevimba, lakini tarehe bado.

Tupa, wala usionje. Uvimbe ni gesi, na gesi huenda imetoka kwa bakteria ambao sumu yao hupoozesha misuli mpaka ya kupumulia.

Maziwa ya kopo ya mtoto yamepita wiki moja tu?

Hapa sina mjadala: usimpe. Vitamini zake hupungua, na mtoto huyo huenda hana chakula kingine. Kopo likishafunguliwa, limalizwe ndani ya mwezi mmoja, hata kama tarehe ya kwenye kopo iko mbali.

Mimi huhamishia kila kitu kwenye ndoo, pakiti natupa. Nitajuaje?

Kata kipande chenye tarehe ukibandike kwenye mfuniko, na ukiandike siku uliyofungua. Na usimimine unga mpya juu ya wa zamani. Maliza ule, osha ndoo, ianike mpaka ikauke kabisa.