Kukloni diski ya OptiPlex 780 kwenda SSD: shida iko kabla na baada

Dell OptiPlex 780 yenye Core 2 Duo na RAM ya GB 4 bado inabeba kazi za ofisi vizuri tu. Kinachoifanya itambae ni diski. Sahani ikizunguka mara 7200 kwa dakika, kusubiri sekta ifike chini ya kichwa kunachukua wastani wa milisekunde 4.17, na hapo mkono wenyewe bado haujasogea. Kwa faili zilizotawanyika, diski ya namna hiyo haifikishi hata usomaji mia mbili kwa sekunde. SSD ya bei ya chini, yaani diski ya chipu isiyo na sahani, inafanya maelfu. SATA (njia ya kuunganisha diski) ya mashine hii ni ya Gb 3 kwa sekunde, nusu ya ile ambayo SSD inaiweza, lakini kwa mtumiaji wa kawaida hilo si hoja.

Kunakili kwenyewe Clonezilla, programu ya kunakili diski inayowashwa kwa flashi, inakufanyia. Kazi ya fundi ni kujua kama diski ya zamani itahimili kusomwa, kama yaliyomo yataenea kwenye mpya, na kwa nini Windows inagoma kuwaka baadaye.

Anza na afya ya diski. Fungua CrystalDiskInfo, programu ya Windows inayosoma afya ya diski, utazame mistari ya 05, C5, C6 na C7. Thamani ghafi pale huonyeshwa kwa hesabu ya kumi na sita, kwa hiyo ukiona 10 soma kumi na sita. Mstari wa 05 ni sekta zilizokwisha kuhamishiwa kwenye akiba; zikiwa chache na haziongezeki, zinavumilika. C5 ndiyo ya kuogopa: ni sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaziamulia. C6 ni zile zilizoshindikana kurekebishwa. C7 ni makosa ya mawasiliano; ikipanda huku nyingine zote zikiwa sifuri, shuku kebo ya SATA kabla ya kuishuku diski.

C5 au C6 ikizidi sifuri, weka Clonezilla kando, na usikimbilie chkdsk /r (amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski) kwenye diski hiyo. Kila jaribio la kusoma sekta mbovu linazidi kuichosha. Washa mashine kwa flashi ya SystemRescue (Linux ya uokoaji) na utumie ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, ukiwa umehakikisha kwanza kwamba sda ndiyo ya zamani na sdb ndiyo mpya (hayo ni majina ya diski kwenye Linux):

ddrescue -f -n /dev/sda /dev/sdb /mnt/flashi/ramani.map
ddrescue -f -d -r3 /dev/sda /dev/sdb /mnt/flashi/ramani.map

Amri ya kwanza inabeba sehemu zisizo na kasoro na kuruka penye ubishi. Ya pili inarudia masalia hadi mara tatu. Faili ya ramani ndiyo kumbukumbu ya kilichokwisha kuokolewa, kwa hiyo ikae kwenye flashi nyingine iliyofunguliwa hapo /mnt/flashi. Ukiiacha kwenye RAM, umeme ukikatika imepotea, nawe unaanza upya kuitesa diski inayokufa. chkdsk ifanyie nakala, si diski ya asili. Kumbuka pia kwamba ddrescue kwa namna hii inachukua diski nzima, tupu na penye data, hivyo diski mpya lazima ilingane na ya zamani au iizidi.

Hapo ndipo wengi wanapokwama: diski ya GB 250 na SSD ya GB 240. Ya kwanza ina sekta 488,397,168, ya pili 468,862,128. Disk Management itakuonyesha GB 232.88 dhidi ya 223.57. Hata kama umetumia GB 60 tu, Clonezilla kwenye hali ya Beginner itakataa, kwa sababu patisheni (kipande cha diski) ya mwisho inaishia nje ya SSD. Mwenye uwezo wa kununua ya GB 480 anunue, yamekwisha. Asiye nao apunguze patisheni hiyo ndani ya Windows kwanza. Pengo ni MB 9,539. Mimi hukata 12,000 ili nisihesabu tena. Windows ikidai haiwezi kupunguza kiasi hicho, mara nyingi kuna faili zisizosogezeka katikati ya njia. Zima hiberneshini kwa powercfg /h off, zima System Restore na pagefile (faili inayosaidia RAM) kwa muda, uwashe upya na ujaribu tena.

Hiyo powercfg /h off ina faida nyingine kwenye Windows 10: inaondoa Fast Startup (uwashaji wa haraka), ambayo huacha NTFS, mfumo wa faili wa Windows, ikiwa nusu imelala. Malizia na chkdsk C: /f, kwani patisheni yenye alama ya uchafu (ishara kwamba haikufungwa vizuri) Clonezilla huikataa.

Kuunganisha. Kwenye kasha kubwa, chomoa DVD na utumie kebo zake mbili kwa SSD. Kwenye kasha jembamba ujanja huo haufanyi kazi: DVD nyembamba hutumia plagi ya umeme ya pini 6, na SSD inataka ya pini 15. Itabidi adapta ya USB, na USB za 780 ni 2.0, takriban MB 30 kwa sekunde. Data ya GB 90 itachukua karibu dakika 50. Kama mtaa wako una mgao wa umeme, weka UPS.

Washa kwa F12, uchague flashi ya Clonezilla, kisha device-device, Expert, disk_to_local_disk. Chanzo na lengo vitambue kwa modeli na ukubwa, kamwe si kwa herufi ya sda au sdb, maana herufi hubadilika ukihamisha kebo. Ukivigeuza, unanakili utupu juu ya data. Ukiwa umepunguza patisheni, weka alama kwenye -icds ili isikague ukubwa wa diski, na uache -k0 ilivyo.

Ikimaliza, zima na uchomoe diski ya zamani kabla ya kuwasha Windows. Diski zote mbili sasa zina saini moja, ile namba ambayo Windows hutambulia diski. Zikikutana, Windows huiweka moja offline, yaani haiitumii. SSD ipe kebo ya SATA 0. Mabano yakikosekana, tepu yenye gundi pande mbili inatosha, kwa kuwa SSD haina kinachozunguka. Ukiwa na mabano, skrubu za SSD ni M3. Zile nene za diski ya inchi 3.5 usizilazimishe.

Skrini ya bluu ya 0x0000007B karibu siku zote inamaanisha hali ya SATA kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) imebadilika. Iache kama ilivyokuwa hadi SSD iwake mara moja salama. Ukitaka AHCI, hali ya SATA inayoifaa SSD, kwenye Windows 7, kwanza fungua Registry kwa regedit na uweke Start iwe 0 chini ya HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\services\msahci. Kwenye Windows 10, endesha bcdedit /set safeboot minimal, badili BIOS kwa F2, iwake kwenye hali salama, kisha bcdedit /deletevalue safeboot.

Na kama bluu hiyo inatokea wiki kadhaa baadaye, asubuhi baada ya mashine kuchomolewa ukutani, angalia saa ya kompyuta. Ikiwa imerudi miaka nyuma, betri ya CR2032 kwenye mazabodi imekufa na BIOS imerejea mipangilio ya kiwandani.