Je, kazi ya chumba cha upasuaji haihitaji kusomewa?

Wazazi wengi jijini Nairobi, mtoto anapotaka kusomea teknolojia ya upasuaji, yaani kazi ya kutayarisha vifaa na kumsaidia daktari anapopasua, huamini kwamba kazi hiyo ni kumpa daktari makasi tu, na kwamba aliyezoea hospitali anaweza kuifanya bila mafunzo. Imani hiyo inaeleweka, kwani mgonjwa aliyepewa nusukaputi haioni kazi yenyewe, lakini si sahihi.

Mwanafunzi husoma anatomia na jinsi maambukizi yanavyoenea, kisha hufanya mazoezi hospitalini chini ya usimamizi. Hujifunza kutakasa vifaa kwa mvuke, ambao kwa kawaida huhitaji angalau dakika 15 ukiwa na nyuzijoto 121, na pia kuhesabu shashi (vitambaa vya kufyonza damu), sindano na vifaa kabla ya mgonjwa kupasuliwa na tena kabla ya kushonwa, kwa kuwa shashi moja iliyosahaulika tumboni yaweza kuleta usaha na upasuaji wa pili. Kwangu mimi, hesabu hiyo peke yake yatosha kudai mafunzo rasmi.

Anayetaka kuhakikisha, kabla ya kulipa karo, na akiombe chuo mtaala na uthibitisho wa idhini ya kozi, authibitishe kwa mamlaka inayosimamia taaluma hiyo, kisha asome matangazo ya kazi ya hospitali aone sifa zinazodaiwa.